Si kweli kwamba wanaume Weusi wa Marekani hawapendi kufunguka

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba mwanaume Mweusi wa Marekani hataki kusema yaliyomo moyoni, eti ugumu ndiyo asili yake. Si kweli. Wengi husema, ila huchagua wa kumwambia, na naona wana haki. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Alabama, maofisa wa afya wa serikali waliwaacha mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende bila tiba, wakiwadanganya kuwa wanatibiwa, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Aliyekulia na habari hizo hamkimbilii daktari asiyemjua. Ongeza gharama, na uhaba wa wanasaikolojia Weusi.

Sasa mtazame mtu huyo huyo kwa kinyozi wake. Kitambaa shingoni, mashine ikinguruma, anaeleza talaka, madeni, usingizi uliopotea. Ndiyo maana The Confess Project, shirika lililoanzishwa na Lorenzo Lewis huko Arkansas mwaka 2016, huwafundisha vinyozi kusikiliza bila kuhukumu na kumwelekeza mteja kwa mtaalamu. Kinyozi hachukui nafasi ya daktari. Lakini akiambiwa "siku hizi silali kabisa," anajua swali linalofuata.