Ukamataji wa kuzuia: kushikwa kabla kosa halijatendeka

Kwa kawaida mtu hukamatwa kwa jambo alilofanya, au analoshukiwa kufanya. Ukamataji wa kuzuia ni tofauti: unashikwa kwa jambo ambalo bado halijatokea. Duka halijavunjwa, hakuna aliyepigwa, ila mwenye mamlaka anaamini kwamba akikuacha leo, kesho kutakuwa na kilio.

Sheria inaruhusu, tena wazi. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya kinampa polisi nafasi ya kumkamata bila hati mtu anayepanga kosa la aina ambayo polisi wanaruhusiwa kukamata bila hati. Lakini soma masharti yake. Kwanza, ofisa awe anajua kuna mpango. Kutoipenda sura ya mtu, au mtaa anakotoka, si kujua. Pili, aone kwamba kosa haliwezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Kama kumwonya kunatosha, au kumweka askari mlangoni usiku ule, pingu hazina kazi. Hapo ndipo polisi wengi hujikwaa, maana kukamata ni rahisi kuliko kulinda.

Akishakamatwa, saa zinaanza kuhesabiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, basi siku ya kwanza ya kazi inayofuata. Ijumaa jioni imepata sifa mbaya kwa sababu hiyo.

Tanzania nayo ina saa 24 za polisi, lakini wananchi wengi wanazijua zaidi zile 48. Hizo ni za mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15. Tumeshasikia mara ngapi, kwenye mkutano wa hadhara, kiongozi akitamka "huyu wekeni ndani saa 48" kwa sababu mtumishi amechelewa au mwananchi amemjibu vibaya? Sheria haisemi hivyo. Inataka awe na sababu za kuamini kwamba mtu huyo huenda akavunja amani, na kwamba hakuna namna ya kuzuia isipokuwa kumweka ndani. Inataka sababu ziandikwe, na mtu apelekwe kwa hakimu. Saa 48 zikiisha bila kupelekwa, aachiwe, wala asikamatwe tena na kiongozi huyo kwa jambo lilelile. Saa 48 ni ukomo. Si adhabu ya kutumikia, ingawa majukwaani hutamkwa kana kwamba ni kifungo. Na kiongozi anayetumia vibaya mamlaka hayo naye anaweza kushtakiwa.

Ipo njia ya upole isiyozungumzwa sana: kumpeleka mtu kwa hakimu ili aeleze kwa nini asiwekewe dhamana ya kutunza amani. Anasikilizwa, anasaini, anarudi kwake. Akivunja ahadi, hapo kuna la kujibu.

Kesi ngumu zaidi ni ya uzururaji. Sheria za kikoloni, zilizofuata Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824, zilimfanya mtu asiye na kazi inayoonekana, asiyeweza kujieleza vizuri, kuwa mkosaji tayari. Hapa hakuna mpango wowote unaozuiwa. Umaskini wenyewe ndio ushahidi. Malawi, Mahakama Kuu ilibatilisha kipengele cha namna hiyo mwaka 2017, katika shauri la mchuuzi aliyekamatwa akienda kuuza mifuko ya plastiki. Kisha tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikatoa maoni ya ushauri kwamba sheria hizo zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi wanachama zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta.