Mambo ya ndani yanayoathiri ufahamu wa kusikiliza

Mtu akikuuliza "unasikia Kiswahili?" hapimi masikio yako, anataka kujua kama unakielewa. Neno kusikia tumelibebesha mengi, hata njaa na harufu tunazisikia. Walimu wa lugha wao hutenganisha: kuipata sauti ni jambo moja, kuipata maana ni jingine, na hilo la pili huliita ufahamu wa kusikiliza. Ufahamu huo huathiriwa na mambo ya nje, kama kelele, spika mbovu au msemaji anayekimbiza maneno, na pia mambo ya ndani, yaani yale aliyonayo msikilizaji mwenyewe: msamiati, maarifa, kumbukumbu, umakini, hofu, uchovu, afya ya masikio.

Linalodharauliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni maarifa ya awali. Mgeni kutoka bara yuko jikoni Tanga, mwenyeji anamwambia: "Nisogezee hiyo mbuzi nikune nazi." Hakuna neno asilolijua. Lakini kama hajawahi kukiona kile kibao chenye ulimi wa chuma, atageuka kutazama uani. Na sarufi ilishamdokeza, maana angekusudiwa mnyama angesikia "huyo mbuzi".

Kumbukumbu nayo ina ufinyu wake. Msomaji anaweza kurudi mstari wa juu. Msikilizaji hana pa kurudi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kwamba akili hushika kwa muda mfupi vitu kama saba hivi, na watafiti wa baadaye wakashusha hadi karibu vinne. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Tanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili, leo anafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Anatafsiri neno la kwanza kichwani, na akilimaliza mwalimu yuko sentensi ya tatu. Si mzito wa akili, nafasi imejaa. Aliyeizoea lugha hushika maneno kwa mafungu: "hali ya hewa" kwake ni kitu kimoja, si vitatu. Ongeza hofu ya kuinuliwa ajibu mbele ya wenzake, nayo inakula nafasi ileile. Mrudie baadaye chini ya mwembe, umweleze polepole, utashangaa anavyokuelewa.

Uchovu kila mtu anaujua. Masikio ya uzee, hayo yanahitaji maelezo kidogo. Umri huanza kuondoa sauti nyembamba za juu, ambamo zimo konsonanti kama s na f, huku irabu zikibaki. Ndiyo maana babu husema "nakusikia, ila sikupati": fika, shika na pika kwake zinakaribiana mno. Wajukuu hukimbilia kupiga kelele. Hazimsaidii sana, kwa kuwa zinazopata nguvu zaidi ni irabu, na hizo alikuwa akizisikia tangu mwanzo.