Lenana haina kamba, lakini si matembezi

Kila nikitangaza safari ya kilele cha Lenana, Mlima Kenya, hapa Malindi nasikia lile lile: "Lenana haihitaji kamba, basi ni kutembea tu." Juzi nimeambiwa tena, safari hii na kijana mgema, nami nimechoka kumjibu mmoja mmoja.

Kweli, vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188) ni vya wapanda miamba na kamba zao. Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Lakini karibu na kilele ni majabali yaliyovunjikavunjika, na pamepigiliwa vyuma vya kushikia. Havikuwekwa kwa urembo. Pale unaparamia kwa mikono na miguu, na ukiteleza hakuna cha kukudaka.

Hewa je? Sisi twatoka usawa wa bahari. Kule oksijeni ni karibu nusu ya hii ya huku. Hata uwe mchezaji mpira, ugonjwa wa mlima haukubagui. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usiendelee kupanda. Vikizidi, shuka.

Linaloniudhi hasa ni kwamba watu hujiandaa kupanda, kushuka hawakuwazi. Na mgema ndiye angetufundisha! Hashuki mnazi akiupa mgongo. Hulikumbatia shina, akapapasa kidato kwa wayo, akakipa uzito polepole. Lenana ni vivyo hivyo: penye mteremko mkali geukia jiwe, kati ya mikono miwili na miguu miwili, mitatu imeshika, mmoja tu unahama. Ila vidato vya mnazi vimechongwa kwa kazi hiyo, jiwe halikuchongewa mtu. Ligonge kwa kiganja kwanza. Likicheza au likitoa sauti ya kitu kitupu, liache. Wala usilivute kwako, likandamize chini.

Saa ya kuondoka kambini bado yanitatiza. Desturi ni saa tisa usiku, jua lichomoze ukiwa kileleni. Baridi hugandisha kokoto, miguu haizami. Lakini baridi hiyo hiyo huupaka mwamba barafu nyembamba ambayo tochi haikuonyeshi. Nimeifuata desturi miaka yote, na sijaridhika kuwa yawafaa wageni wa milima kama sisi.

Tena tafadhali, msiende kufanyia mazoezi Marafa. Kuta za Nyari, lile korongo la Marafa, ni mchanga ulioshikamana, mvua inazila. Zitameguka mkononi mwenu na mtaziharibu. Tafuteni jengo la ghorofa, mbebe mzigo mgongoni, mpande na kushuka ngazi. Kushuka mkuzidishe.