Jumba la Mji la Enzi ya Malkia Victoria

Jumba la mji la enzi ya Victoria ni makao ya halmashauri yaliyojengwa Uingereza wakati wa utawala wa Malkia Victoria, kati ya 1837 na 1901. Ndani yake zilikusanywa ofisi za meya na madiwani, ukumbi mkubwa wa mikutano na muziki, na mara nyingine mahakama na vyumba vya mahabusu. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1835, iliyoweka utawala wa miji mikononi mwa mabaraza yaliyochaguliwa na walipa kodi. Miji ya viwanda, ambayo utajiri wake ulikuwa umetangulia heshima yake, ilitaka jengo la kuitambulisha.

Leeds ilijenga lake kwa mchoro wa Cuthbert Brodrick, ambaye alikuwa kijana asiye na jina kubwa aliposhinda shindano la usanifu, na Malkia mwenyewe akalifungua mwaka 1858. Nguzo zake za Kikorintho, zenye vichwa vilivyochongwa kama majani, zinaiga majengo ya kale ya Roma. Mnara wake ulizua mabishano ya miaka kadhaa, kwa kuwa wapo madiwani walioona ni gharama isiyo na kazi, na kwa hesabu za mahitaji ya ofisi peke yake hawakukosea. Hata hivyo, hoja ya hadhi ndiyo iliyoshinda.

Manchester ilichagua mtindo wa Kigothi, wenye matao yaliyochongoka na paa zenye mteremko mkali. Alfred Waterhouse, aliyesimamia ujenzi kuanzia 1868 hadi 1877, alipewa kiwanja cha pembetatu, kasoro ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyozaa ustadi wake mkubwa: alizipanga ofisi kwenye pande tatu za nje, akauweka ukumbi mkuu katikati. Kwa kuwa hewa ya mji ilijaa masizi ya viwanda, kuta za nje zilijengwa kwa mawe magumu ya mchanga kutoka Yorkshire. Mnara wa saa una urefu wa mita 85 hivi, na kengele yake kubwa imepewa jina la Abel Heywood, meya aliyelifungua jumba hilo, maana safari hii Malkia hakuja.

Sakafu ina michoro ya nyuki, alama ya bidii ya mji huo. Katika ukumbi mkuu, Ford Madox Brown alichora picha 12 za historia ya Manchester, zinazoanzia kwa Warumi na kuishia kwa mwanakemia John Dalton, anayeonekana akikusanya gesi ya kinamasi.