Ubingwa wa Dunia wa Ngumi za Ridhaa: Maana na Historia Yake

Ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa ni mashindano ya mtoano ambayo bondia huingia akiwa na jezi ya nchi yake, bila promota na bila mkanda wa kutetea. Pambano ni raundi 3 za dakika 3. Akishinda, baada ya siku chache yuko ulingoni tena. Mshindi wa tatu hatafutwi: wote wawili waliotolewa nusu fainali huvishwa shaba. Siku ya pambano bondia hupanda mzani upya asubuhi, kwa hiyo aliyejikausha maji ili aingie kwenye kilo zake hulazimika kujikausha tena na tena, na akifika pambano la tatu miguu imeisha nguvu.

Ngumi ziliingia Olimpiki mwaka 1904, lakini ubingwa wa dunia unaojitegemea ulichelewa mno. Chama cha kimataifa, AIBA, kiliundwa 1946, na mashindano ya kwanza yakapigwa Havana, Kuba, mwaka 1974. Afrika Mashariki ilikuwepo tangu mwanzo: Ayub Kalule wa Uganda alitwaa dhahabu ya kilo 63.5, Stephen Muchoki wa Kenya fedha ya kilo 48. Mwaka 1978 kule Belgrade, Muchoki akaibeba dhahabu yenyewe. Wanawake walipata ya kwao 2001, Scranton, Marekani.

Kilichoutikisa mchezo huu kuliko yote ni uhesabuji wa pointi. Katika fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, Roy Jones wa Marekani alifikisha ngumi 86 dhidi ya 32 za Park Si-hun wa Korea Kusini, na bado majaji wakampa Park ushindi wa 3–2. Ulikuwa uonevu wa wazi. (Mashindano hayohayo, Robert Wangila wa Kenya alimaliza fainali yake kwa KO, yaani alimwangusha mpinzani akashindwa kuendelea, majaji hawakuhitajika.)

Dawa iliyoletwa ilikuwa mashine, iliyotumika Olimpiki ya 1992. Kila jaji alikuwa na vitufe viwili, chekundu na cha bluu, na ngumi ilihesabiwa pale tu majaji 3 kati ya 5 walipobonyeza ndani ya sekunde moja. Upendeleo ulibanwa, lakini mchezo ukaharibika: ngumi za mwilini na za mfululizo mara nyingi hazikubonyezwa, hivyo mabondia wakajifunza kurusha moja ya usoni na kukimbia. Mwaka 2013 mashine ikaachwa: tangu hapo mshindi wa raundi hupewa 10, mwenzake 9 au pungufu, na wanaume wakavua kofia za kujikinga.

Juni 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliifutia utambuzi AIBA, ambayo wakati huo ilishabadili jina kuwa IBA. World Boxing, chama kipya cha kimataifa cha ngumi kilichozaliwa mwaka huohuo, iliandaa ubingwa wake Liverpool 2025. Bondia anayelenga Olimpiki ya Los Angeles 2028 ahakikishe shirikisho la nchi yake ni mwanachama wa World Boxing.