Kiwavi wa zabibu hakukodolei macho

Mizabibu ikichipua tu huku Dodoma, simu yangu inajaa picha za kiwavi yuleyule: mnene, wa kijani au kahawia, ana pembe mkiani, na mbele ana duara mbili kama macho ya nyoka. "Mtaalamu, huyu mdudu anatuangalia." Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, ngoja nijibu wote kwa pamoja.

"Yale madoa makubwa ndiyo macho yake." Siyo. Huyo ni mtoto wa nondo aitwaye Hippotion celerio, na yale ni madoa ya rangi kwenye ngozi. Hata kichwani hayapo! Yako kwenye pingili za mwanzo za tumbo, nyuma ya miguu yake sita ya kweli. Ukimgusa anavuta kichwa na kifua ndani, sehemu yenye madoa inatuna, na ndege aliyekuja kumdonoa anasita. Basi, kazi yake ni hiyo. Pembe nayo ni laini na haichomi.

Macho yenyewe yanataka lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kitu ambacho kila mwenye mizabibu angekinunua kabla ya kufikiria bomba la pili la dawa. Mtazame kichwa kwa pembeni, chini, karibu na taya na kipapasio. Utaona vidoti sita vinavyong'aa, vingi vikiwa vimepangwa nusu duara. Upande wa pili vipo sita vingine. Hizo ndizo stemata.

Kila stema ina lenzi ya nje, ambayo ni sehemu ya gamba la kichwa na huvuliwa pamoja nalo kila kiwavi anapojivua. Chini yake kuna lenzi ya pili, angavu, kisha seli za kupokea mwanga. Ngapi? Saba tu. Wewe unazo makumi ya mamilioni katika kila jicho. Kwa hiyo stema moja haimpi kiwavi picha, inampa karibu nukta moja ya mwanga na rangi, na macho yote 12 yanampa nukta chache mno. Ndiyo maana akitembea anapeleka kichwa kulia na kushoto: anakusanya nukta zaidi. Vincent Dethier wa Marekani alizichambua lenzi hizi miaka ya 1940. Kwa njia hiyo kiwavi anatambua shina jeusi lililosimama mbele ya anga, na kwa baadhi ya viwavi waliochunguzwa zimekutwa seli zinazopokea kijani, buluu na urujuanimno (mwanga ambao sisi hatuuoni). Sura yako haimo. Akiganda ghafla unapomkaribia, ameusikia mtikisiko wa tawi na waya.

Ninalisemea sana hili kwa sababu anayeamini macho yale anaogopa kumshika, halafu anapiga dawa shamba zima kwa ajili ya viwavi wawili. Pita asubuhi, tafuta vinyesi vikubwa vyeusi ardhini, inua uso uangalie tawi lililo juu yake, mtoe kwa mkono.

"Kiwavijeshi vamizi ana macho manne nyuma." Vile vidoti vinne vya mraba karibu na mkia ni vituo vya vinyweleo. Vinafaa kumtambulisha mdudu huyu wa mahindi aliyegundulika nchini 2017, havioni chochote. Na ile Y iliyopinduliwa usoni ni maungio ya gamba, hapo ndipo linapopasuka akijivua.

"Tia majivu katikati ya majani machanga ya mhindi, yatampofusha." Majivu au mchanga vinaweza kumkwaruza na kumkausha. Kumpofusha ni hadithi, na hata angekuwa kipofu angeendelea kula: amekaa ndani ya chakula chake.

"Taa itawavuta viwavi." Inavuta nondo.

"Funza wa nzi hana macho, kwa hiyo mwanga haumhusu." Lenzi kweli hana. Lakini ndani ya kichwa ana kundi dogo la seli za mwanga, na kwa nzi wa matunda wa maabara ni 12 kila upande. Fukua samadi uone wanavyozama kuukimbia mwanga.

"Macho ya kiwavi hukua yakawa ya nondo." Hapana. Macho ya nondo hujengwa upya ndani ya pupa (hatua ya kiwavi kugeuka nondo), na stemata hurudi ndani kuelekea ubongo.

Sasa msije mkasema kila lava (mtoto wa mdudu, kama kiwavi au funza) hawezi kukuona. Kuna mbawakawa wawindaji ambao lava wao hukaa kwenye shimo la wima ardhini, kichwa kikiziba mlango. Nao wana stemata sita kila upande, ila mbili ni kubwa, na kubwa kuliko zote ina maelfu ya seli. Huyo, ukimsogelea, anakuona kweli na kutumbukia shimoni kabla hujainama.