Kipimo cha neva kimetoka sawa na miguu bado haibebi? Usirudi nyumbani

Wiki jana tuliletewa kijana wa tuktuk kutoka Likoni, nduguye kambeba mgongoni mpaka mlangoni kwetu, miguu yote miwili haina nguvu na mikono nayo yaanza kulegea. Wiki mbili nyuma aliharisha siku tatu akapona akasahau. Nyayo zilipoanza kumfanya ganzi alienda hospitali moja hapa mjini, siku ya tatu akapimwa neva, kipimo kikatoka sawa akaambiwa ni wasiwasi tu nenda nyumbani ukapumzike. Hilo ndo limenifanya niandike, manake kosa hili moja laweza kumfikisha mtu kwenye mashine ya kupumulia.

Ugonjwa wenyewe waitwa Guillain-Barré, ni majina ya madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1916 pamoja na mwenzao Strohl. Stroki kwa kawaida hushika upande mmoja na ghafla, huu huanza miguu yote miwili ukapanda siku baada ya siku. Wala mtu hajarogwa jamani, ni kinga ya mwili ilipigana na kidudu, mara nyingi bakteria ya kuharisha inayoitwa kampilobakta, ile ya kuku hajaiva vizuri, halafu neva zikaonekana zafanana na kile kidudu basi kinga ikazigeukia. Kwa mwaka hupata kama mtu 1 au 2 katika watu 100,000.

Sasa haushiki watu wote namna moja. Neva ichukulie kama waya wa stima, shaba ndani mpira nje. Kuna aina inayokula mpira, hiyo ndo nyingi Ulaya na Marekani. Kuna inayoenda kwenye shaba yenyewe tena ya neva za kusogeza misuli tu, mgonjwa anahisi ukimgusa lakini mguu hauinuki, hii ilionekana sana kwa watoto wa kaskazini mwa China. Ikishika na shaba za kuhisi pia, kupona huwa pole pole mno. Halafu kuna ya Miller Fisher, iliyoelezwa 1956, macho hayageuki, aona watu wawili wawili, atembea akiyumba na ukigonga goti kwa nyundo halirushi, na hawa huniuma roho kwa sababu mtu hajawahi kuonja pombe maishani mwake na mtaa mzima washamsema amelewa.

Kwa kipimo, kwanza twapasha miguu joto kwa maji ya uvuguvugu, mguu baridi hudanganya mashine. Twabandika vibati juu ya misuli, twapiga shoti ndogo kwenye kifundo, vidole vyaruka, na kwenye skrini mstari huinuka kama mlima, twaangalia mlima una urefu gani na umechukua muda gani kufika. Mpira ukiliwa mlima wachelewa na kutawanyika, shaba ikiliwa mlima wabaki kichuguu. Mimi huanza kuangalia wimbi la F, ile shoti inayopanda mpaka uti wa mgongo ikarudi, manake mara nyingi ndo linalopotea mwanzo. Na nikikuta neva ya kuhisi ya mkononi imezima lakini ile ya nyuma ya kifundo cha mguu yafanya kazi, najua nakaribia jibu, kwamba ni Guillain-Barré.

Lakini wiki ya kwanza vyote hivyo vyaweza kutoka safi kabisa, hata maji ya uti wa mgongo protini yake yaweza kuwa haijapanda. Kipimo hurudiwa wiki 2 au 3 baadaye na dawa haisubiri kipimo, daktari huangalia mgonjwa mwenyewe. Dawa ni imunoglobulini ya mshipa, yaani kinga zilizotolewa kwa damu za watu wengine, siku 5, au kusafisha plazma, yale maji ya damu, steroidi zile za kutuliza uvimbe hazisaidii. Mtoto chini ya miaka 15 akilegea ghafla lazima choo kipimwe polio pia.

Kinachotunyima usingizi ni pumzi. Twamwambia mgonjwa avute pumzi moja ahesabu kwa sauti, akishindwa kufika 20 twaita watu wa ICU, wadi ya mahututi. Yule kijana siku ya kwanza alikwama kwenye 14, mamake kamshika mkono ahesabu naye. Jana jioni, dawa ishaisha, alifika 31, miguu bado lakini kidole gumba cha mguu wa kulia chasogea.